Je, Wajua? Mafuta ya breki hunywa maji

Mafuta ya breki yana kiu. Hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala miezi. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji ya asilimia 4 hivi, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedali, inazama hadi chini, gari linaendelea na safari yake.

Sasa fikiria Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, limeegeshwa uani Malindi au Kilifi. Upepo wa bahari hula paipu za chuma za breki kwa nje. Maji yaliyonyonywa huzila kwa ndani.

Mnafiki mkubwa ni hozi ya mpira inayopeleka mafuta hayo gurudumuni. Nje nzima, ndani imevimba. Ukikanyaga, mafuta hupita, ukiachia, hayarudi. Gurudumu linajishika, rimu inachoma mkono, nawe unalaumu pedi ulizonunua jana. Pandisha gari kwa jeki, liwekee stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nati ya kutolea hewa. Likiachia papo hapo, mshukiwa wa kwanza ni hozi.

Mafuta hayo pia hubambua rangi. Yakidondokea boneti, mwagia maji mengi, usipanguse.

Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama gari halijatoka uani.