Motere Ikiimba Mno, Jihadhari

Katika mwaka 1956, huko California katika Marekani, fundi Art Ingels, aliyezoea kuunda magari ya mashindano, alitengeneza kigari kidogo cha mabomba ya chuma, akakitia motere ya mashine ya kukatia majani. Ndio mwanzo wa karti. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch ikatoa motere ya karti iliyotokana na ile ya msumeno wa kuangushia miti.

Motere hizo ni za mapigo mawili. Tumboni mwake hamna mafuta ya kulainisha kama mlivyoona katika lori. Mafuta huchanganywa na petroli yenyewe, na katika karti za zamani mara nyingi ilikuwa lita 1 kwa lita 20. Kabureta ndiyo inayoyapeleka, pamoja na hewa. Basi petroli ikipungua, mafuta nayo yapungua.

Kabureta ya namna hiyo ina skurubu mbili zenye ncha ya sindano: moja ya mwendo wa polepole, moja ya mwendo wa kasi. Ukizungusha kuume wafunga, ukizungusha kushoto wafungua. Kwanza zifunge taratibu bila nguvu, maana sindano ikikazwa huharibu kikalio chake. Kisha zifungue kadiri ilivyoandikwa na mwenye kiwanda. Washa motere, uiache ipate moto, ndipo urekebishe ile ya polepole hata motere iitike mara unapokanyaga. Ile ya kasi hurekebishwa uwanjani, kidogo kidogo, kwa sehemu ya nane ya mzunguko.

Hapa ndipo penye mtego. Kila ufungapo skurubu ya kasi, motere huimba kwa sauti nyembamba, na kigari chakimbia zaidi. Kijana hufurahi, hufunga tena. Kumbe motere yakaribia kufa! Petroli imekuwa haba, moto umezidi, mafuta hayatoshi. Pistoni yavimba na kukwama ndani ya silinda, magurudumu ya nyuma yafungika ghafula, na dereva aweza kuumia.

Fundi mwenye akili haamini sikio peke yake. Akiisha kukimbia kwa nguvu zote, huzima motere papo hapo, akafungua buji na kuitazama. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, petroli imezidi. Ikiwa na rangi ya udongo wa kahawia hafifu, hapo ni vema. Madereva wengi wa karti, kabla ya kuachilia mwendo mwishoni mwa njia iliyonyoka, huziba mdomo wa kabureta kwa kiganja kwa nukta moja, ili motere imeze petroli zaidi na mafuta yake.

Tena, kipimo cha jana si cha leo. Penye milima hewa ni nyepesi, hivyo skurubu hufungwa kidogo. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito, hivyo hufunguliwa.

Enyi vijana mnaojifunza ufundi, fundisho hili lafaa pia kwa pikipiki na misumeno yenye motere za namna hiyo. Afadhali petroli izidi kidogo kuliko kupungua. Wahenga walisema: mwenye pupa hadiriki kula tamu. Motere, kama moyo wa mtu, haiharibiwi na kazi tu. Huharibiwa na tamaa isiyojua kipimo.