Vipuri vya Mashine ya Kumenyea Kahawa

Kahawa mbivu haimngoji fundi. Iliyochumwa asubuhi sharti imenywe siku ile ile. Ikilala na maganda yake huanza kuchacha, na uchachu huo huingia katika punje. Daraja hushuka, na hasara humfika mkulima aliyechuma vyema.

Mara nyingi kinachosimamisha mashine ni kitu kidogo: mkanda uliokatika, beringi iliyokwisha au bati la ngoma lililochakaa. Kwa hiyo kila chama kiwe na vipuri hivyo ghalani kabla ya msimu kuanza. Mikanda ihifadhiwe mbali na jua na mafuta, kwani huharibu mpira. Mashine yenye mikanda miwili sambamba ibadilishwe yote pamoja. Mpya ukifungwa pamoja na uliolegea, hubeba mzigo peke yake na kukatika upesi.

Katibu aandike daftarini namba ya mashine na vipimo vya kila kipuri. Kikitolewa kimoja, kingine kiagizwe siku hiyo hiyo. Fedha zake zitengwe katika makisio ya mwaka, na wanachama wana haki ya kuulizia jambo hili katika mkutano mkuu.