Anayenakili Hajakosea

Katika miji iliyo kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, Moi's Bridge ukiwa mmojawapo, bado wapo mafundi wanaochora kwa mkono: jina la duka, kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye kibanda cha kinyozi, ng'ombe wa gredi ukutani mwa duka la dawa za mifugo. Mwanagenzi wa fundi kama huyo hujifunza kwa kufuatisha mkono wa bwana wake, herufi kwa herufi, na hakuna anayemwita mwizi. Neno hilohilo la kunakili likiingia darasani, hugeuka kashfa. Mtoto huambiwa achore "kutoka kichwani mwake", kana kwamba kichwani mna kitu ambacho jicho halikukiingiza. Hoja yangu ni kwamba tumemwonea mnakili. Kunakili, kukisimamiwa na mwalimu anayejua kazi yake, ndiyo njia ya zamani na ya hakika ya kumfanya mtu aone. Kosa ni kuishia hapo.

Ushahidi wa kwanza uko mbali, Kyoto, Japani, kwa mchoraji na mwalimu Kōno Bairei aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki 1895. Alipelekwa kwa mwalimu wake wa kwanza, Nakajima Raishō, akiwa bado mtoto wa miaka kama minane. Mafunzo ya wakati huo yalikuwa haya: mwalimu anachora kiolezo, mwanafunzi anakirudia mpaka mkono uzoee uzito wa brashi, ndipo anapewa kingine. Bairei mwenyewe alipokuwa mwalimu aliendeleza desturi hiyo, tena akawa miongoni mwa waliopigania shule ya uchoraji ya mkoa wa Kyoto, iliyofunguliwa mwaka 1880. Mwaka uliofuata kilianza kutoka kitabu chake cha ndege mia moja, kilichochapwa kwa mbao. Inafaa kueleza kidogo jinsi chapa za namna hiyo zinavyotengenezwa. Mchoraji huchora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akifuata mistari, na kwa kufanya hivyo mchoro wenyewe huangamia. Kisha mpigachapa hupaka wino na rangi, kila rangi kwa kawaida na ubao wake. Kwa hiyo anayevutiwa leo na shomoro au korongo wa Bairei anatazama kazi ya mikono kadhaa, na mchoro wa kwanza hauko tena. Vitabu vyake havikununuliwa na matajiri wa kutundika ukutani tu. Mafundi wa vitambaa na vyombo vya udongo walichukua humo ua au ndege wa kupambia kazi zao, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Je, mafunzo hayo yaliua ubunifu? Mtazame Takeuchi Seihō, mwanafunzi wake aliyetajika kuliko wote. Miaka mingi alinakili. Mwaka 1900 alisafiri hadi Ulaya, akawaona simba hai katika bustani za wanyama, na aliporejea alichora simba wenye manyoya na uzito wa mwili ambao Wajapani, waliozoea simba wa hadithi, hawakuwa wameuona. Mkono uliofunzwa kwa kunakili ndege ndio uliommudu mnyama huyo mgeni.

Msomaji atasema Kyoto ni Kyoto. Basi tuje Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mnamo 1968 kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli. Kwa kawaida aliweka mnyama au ndege mmoja mkubwa juu ya rangi moja tupu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka, kwa hiyo kazi yake yote haikuzidi miaka minne au mitano. Hakuwa na darasa wala cheti. Alikuwa na ndugu na marafiki walioketi karibu naye wakifuatisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Matambwe, January Linda, Kaspar Tedo, Simon Mpata. Mtoto hutazama kisogo cha nina, na hawa walikitazama vilivyo. Wao na waliojifunza kwao ndio walioubeba mtindo huo hadi kikaundwa chama cha ushirika mwaka 1990. Laiti wangekatazwa kunakili, mtindo ungezikwa pamoja na mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa mtu ninayemheshimu. Elimo Njau, mchoraji na mwalimu mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alifanya kuwa kaulimbiu yake kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Usemi huo una haki yake. Ulisemwa katika kizazi kilichotoka kwenye ukoloni, ambapo mwanafunzi Mwafrika aliweza kudhani kwamba sanaa ni kurudia picha za Ulaya. Lakini Njau alikuwa akipinga utumwa wa macho. Kijana anayefuatisha twiga wa jirani yake hajakana asili yake, na anayefuatisha bata wa Bairei kwa wiki mbili ili ajue unyoya unavyolala hajawa Mjapani.

Wapo pia wanaonyooshea kidole maduka ya watalii: tembo yuleyule, mbuyu uleule, machweo yaleyale kwa mamia. Nakubali, na kwa kweli nyingi ya picha hizo zinachosha. Lakini anayezirudisha zilezile ni mnunuzi. Katika ushirika huohuo alitokea Mohamed Charinda, aliyejaza ubao wake hadithi za kijijini, mambo ambayo Tingatinga mwenyewe hakuyachora hivyo. Alianza na lugha aliyoikuta, kisha akaitumia kusema yake.

Kinachokosekana kwetu ni hatua ya pili. Wachoraji wa Kyoto waliochota kwa Maruyama Ōkyo, mchoraji wa karne ya 18, hawakuishia kwenye kiolezo. Walitakiwa pia kuchora kiumbe kikiwa hai mbele yao. Sasa kwa kuwa sekondari ya juu nchini Kenya ina mkondo wa sanaa na michezo, mwalimu wa Moi's Bridge hahitaji kusubiri vifaa vya ajabu. Ng'ambo ya Kitale iko Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita tatu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majimajini. Kwenye kinamasi chake hutua korongo taji, ndege ambaye sasa yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Awape wanafunzi violezo muhula wa kwanza, bila kuona haya. Muhula wa pili awapeleke Saiwa asubuhi na mapema, kila mmoja na penseli yake, na violezo viachwe shuleni.