Boksi Tupu Lawa Nyumba ya Jangwani

Kila jioni, maduka ya Kariakoo yanapofungwa, maboksi matupu hurundikana barazani yakingoja wayakusanyao. Wapita njia huyaona kuwa ni takataka. Lakini mzazi mwenye rula, wembe na gundi akichukua mawili tu, aweza kujenga nyumba nzima juu ya meza, na wanawe wakapata mchezo wa siku nyingi.

Huko Ulaya ufundi huu una historia yake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, kilichoeleza kanuni za kupiganisha askari wa sanamu baina ya vijumba vya kuchezea. Siku hizi viwanda huuza vijumba hivyo vipande vipande, mnunuzi akaviunga na kuvipaka rangi mwenyewe.

Mara nyingi huwa ni ngome na magofu ya kwao. Mtoto wa Jangwani anayo nyumba ya kwao pia: nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma. Nyumba za namna hii ziliijaza Kariakoo kabla ya maghorofa kutwaa viwanja vyake. Kuijenga mezani ni kumwonyesha mtoto mahali alipokulia babu yake.

Kazi huanza na vipimo. Kila meta moja ya nyumba iwe sentimeta mbili za boksi. Chumba cha meta tatu kitakuwa na sentimeta sita. Mlango wa meta mbili, sentimeta nne. Hapo mtoto hutambua kwamba hesabu za shuleni zina kazi nyumbani. Yeye apime na kuchora. Wembe aushike mzazi. Madirisha yakatwe kabla ya kuta kusimamishwa, kwani ukuta uliokwisha kugandishwa hupinda ukikatwa. Gundi ya uji wa ngano yafaa, ila iwe nzito, la sivyo boksi litalegea. Kwa paa, bandua karatasi ya juu ya boksi lenye matuta ndani, na migongo ya bati itajitokeza yenyewe.

Kisha rangi. Hapa wengi huharibu, kwa kuwa hutaka nyumba ing'ae kama mpya. Paka rangi ya kwanza nyepesi, ikauke kabisa, ndipo ifuate ya pili. Juu ya bati la kijivu pitisha brashi yenye rangi kidogo sana ya kahawia, nayo kutu itashika kwenye migongo. Chini ya kuta tia madoa ya tope lirushwalo na mvua.

Na ikiwa nyumba ni ya bondeni, chora mstari wa tope usawa wa madirisha. Mtoto atauliza ni wa nini. Mweleze kwamba Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia majumbani, watu wengi jijini wakapoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Vijumba vikifika vinne au vitano, vipange kando ya utepe wa buluu ulio mfano wa mto: vingine bondeni, vingine juu. Watoto warushe dadu na kusogeza kete kutoka Kariakoo, kupita bonde la Jangwani, hadi Magomeni. Atoaye moja, mvua imenyesha: kete zote zilizo bondeni hurudi Kariakoo. Si jambo la kubuni. Barabara ya Morogoro imepata kufungwa hapo mara nyingi kwa sababu ya maji, na wafanyakazi wakachelewa kufika makwao.

Ndugu mzazi, usimhubirie mwanao. Mwache acheze. Baada ya mchezo wa tatu au wa nne, huenda akakiinua kijumba cha bondeni na kukiweka juu bila kuambiwa. Siku hiyo boksi litakuwa limefanya kazi yake.