Ukinunua Zulia, Tazama Mgongo Wake

Malipo ya mahindi yakisha kutoka, maduka ya mjini hujaa watu wa skimu. Karo imelipwa, mbolea ya msimu ujao imewekewa fungu lake, na sasa bibi wa nyumba anaikumbuka ile sakafu ya saruji. Kwa wakaaji wa Kinangop, Ol Kalou au Molo, sakafu hiyo asubuhi ni baridi kama maji ya mto, na mtoto anayetambaa hawezi kuwekwa juu yake. Kwa hiyo zulia si jambo la kujionyesha tu. Lakini ni pesa nyingi zinazotoka siku moja, na mtu anayevuna mara moja kwa mwaka akinunua vibaya, hana pesa nyingine za kurekebishia mpaka mavuno yajayo.

Wengi huchagua zulia kwa macho: rangi yake, unene wake, na jinsi mguu unavyozama ndani. Wiki ya pili manyoya yanaanza kutoka. Yanashika suruali nyeusi ya kwendea kanisani, yanaingia katika uji, yanajikunja kuwa mipira chini ya viti. Unafagia asubuhi, jioni yako pale pale. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu, manyoya hayo hukaa pamoja na vumbi na kumsumbua kifua.

Sababu yake si ngumu kwa mtu aliyewahi kusokota kamba. Kamba ya nyuzi ndefu zilizosokotwa sana haitoi vipande; kamba ya nyuzi fupi zilizosokotwa kwa ulegevu huchakaa mkononi mwako. Zulia ni hivyo hivyo. Ukitaka kujua kama litapukutika, uliza mambo matatu: unyoya wake una urefu gani, umesokotwa namna gani, na umeshikwa na nini huko chini.

Wewe uliye na kondoo wa sufu unajua jambo la kwanza kuliko mwenye duka. Mnyoaji hodari hupitisha mkasi mara moja, karibu na ngozi, na unyoya hutoka mzima. Mnyoaji mvivu huacha nusu, kisha hurudia mahali pale pale, na mara ya pili hupata vipande vifupi kama makapi. Vipande hivyo vikichanganywa na sufu nzuri, hakuna msokotaji awezaye kuvifunga. Vitatoka tu, leo au kesho. Basi kama unataka kupeleka sufu yako kwa kina mama wanaosokota na kufuma, simama karibu siku ya kunyoa, na sufu ya tumbo na miguu uiweke kando. Tena si kila kondoo anafaa kwa kazi hii. Sufu ya Merino ni laini na nyembamba, hiyo ni ya nguo. Ya Romney Marsh ni ndefu na yenye nguvu, nayo hustahimili kukanyagwa. Corriedale yuko katikati.

Sasa twende dukani. Usianze na uso wa zulia, ligeuze. Ukiona nyuma picha ile ile iliyo mbele, pamoja na mafundo au mistari ya nyuzi, zulia hilo limefungwa fundo kwa fundo au limefumwa kwa mashine pamoja na mtande na mshindio wake. Unyoya umebanwa na kazi yenyewe. Lakini ukiona nyuma kumefunikwa kwa kitambaa kilichogandishwa, jua kwamba nyuzi zimechomekwa tu na kushikwa kwa gundi ya mpira. Mazulia ya namna hii ni mengi madukani kwa sababu hutengenezwa haraka, na mengine hufaa kwa miaka kadhaa. Ubaya wake ni kwamba gundi huzeeka. Ikizeeka hukauka, hupasuka na kuwa unga, na unyoya hauna tena kitu cha kuushika. Likunje kidogo pembeni usikilize. Likilia kama jani kavu, au unga ukidondoka, lirudishe mahali lilipokuwa, hata kama bei yake imepunguzwa. Hasa kama bei yake imepunguzwa.

Kisha lisugue kwa kiganja, kwa nguvu, mara kumi hivi mahali pamoja. Vipande vichache visikutishe. Zulia jipya la sufu huwa na mabaki ya kukatwa. Mkono ukijaa, basi. Vuta na uzi mmoja kwa vidole viwili: ukitoka mzima tangu shina, ushikaji ni mbaya. Halafu tenganisha manyoya kama unayetafuta kupe kwenye ngozi ya ndama, utazame chini. Yakiwa yamesimama karibu karibu hata huoni kitambaa, ni vizuri. Ukiona uwazi kama mahindi yaliyopandwa mbali mbali, yatalala na kukatika mapema. Zulia fupi lenye manyoya mengi ni bora kuliko refu lenye machache, ijapokuwa refu ndilo linalopendwa siku hizi, yale yanayofanana na ngozi ya kondoo. Mimi nisingelinunua kwa nyumba yenye watoto na matope ya mlangoni.

Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii ni sufu tupu." Mwombe uzi uliolegea ukingoni, utoke nao nje, uuwashe kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake hufa upesi, na jivu lake husagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Si kwamba plastiki ni mbaya siku zote. Zulia la nyuzi za plastiki ndefu zisizokatika halipukutiki karibu hata kidogo, huoshwa kwa maji, na bei yake ni nafuu. Lakini kaa la jiko likidondoka juu yake litaacha tundu, hali sufu ingeungua kidogo tu. La kuepuka kabisa ni lile linalong'aa kama hariri na kuuzwa kwa jina hilo, kumbe nyuzi zake zimetengenezwa kwa miti iliyosagwa. Hilo hupukutika sana, na likilowa hupoteza nguvu.

Kwa asiyetaka manyoya hata kidogo, yako mazulia yaliyofumwa bapa, bila unyoya wa kusimama, mbele na nyuma sawa. Hayana cha kupukutika, na upande mmoja ukichakaa unageuza. Liko pia la katani. Zao hili liliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, na hata sasa hulimwa Vipingo na Mwatate. Uzi wake hufikia kama mita moja, nao hautoi vumbi kama uzi wa juti, ule wa magunia. Ila katani hukwaruza magoti ya mtoto, na maji yakimwagika huacha alama. Kuku nao wasiingie ndani kama zulia lako ni la vitanzi visivyokatwa. Ukucha mmoja huvuta mstari mzima.

Na kama sakafu yako bado ni ya udongo, subiri. Unyevu utaozesha zulia lolote kutoka chini. Mkeka wa ukindu utakufaa zaidi, nao huanikwa juani kila siku.

Kabla ya kulipa, taka risiti iandikwe zulia ni la kitu gani, si neno "zulia" peke yake.

Zulia la sufu likifika nyumbani, lifagie kwa upole kila siku mbili tatu, kwa kufuata upande yanakolala manyoya. Usilipige kwa fimbo kama gunia. Unazilegeza hata zile zilizoshikwa vizuri. Uzi ukichomoza usiuvute, ukate kwa mkasi usawa na wenzake. Kwa miezi michache ya kwanza, pengine hata nusu mwaka, utaona manyoya yakipungua wiki kwa wiki. Yasipopungua, kasoro iko katika zulia lenyewe wala si ufagio wako, na lisiwekwe chumba anacholala mtoto au mwenye pumu.