Mtoto Anapopiga Hewa

Huku kwetu Nyakunguru mtoto wa miaka 7 anayechunga ng'ombe hurusha jiwe likapiga shina alilolikusudia. Mpe raketi ya mchezo wa vinyoya, yaani badimintoni, umwambie aanzishe mchezo: atapiga hewa mara kumi. Watu humcheka na kumwita mzembe. Sivyo. Jiwe hurushwa kwa mkono mmoja. Hapa mkono mmoja unaachia kinyoya, wa pili unapiga, na macho yanapima kitu kinachoanguka. Katika umri huo ushirikiano wa namna hiyo bado unakomaa.

Kwa hiyo tuanze polepole. Kwanza aachie kinyoya kianguke mbele yake, asikirushe juu. Kisha akipige kwa kiganja. Ndipo apewe raketi, naye aushike mpini kwa juu, karibu na nyuzi, maana raketi ya mtu mzima hufika karibu sentimita 68, na kwa mtoto nyuzi ziko mbali mno na mkono wake. Apige kutoka chini kwenda juu, agonge kichwa cha kinyoya, siyo manyoya. Kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye miti miwili yatosha kuwa wavu, na kipande cha gunzi kilichochomekwa manyoya ya kuku chaweza kuwa kinyoya. Upepo ukivuma, ahirisheni; kinyoya halisi hakifiki gramu 6.

Tangu mwaka 2018 mashindano makubwa ya kimataifa yanataka kinyoya cha kuanzisha mchezo kipigwe chini ya mita 1.15 kutoka ardhini. Mtoto wetu wa darasa la kwanza ana kimo cha kama mita 1.2, kwa hiyo kipimo hicho kingemfika kwenye paji la uso! Kwake tubaki na kanuni ya zamani: chini ya kiuno. Na anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie.

Lakini yuko mtoto ambaye wenzake wameshaweza, naye bado anakosa wiki hadi wiki. Mwangalieni. Je, huinamisha kichwa upande mmoja, au hufumba jicho moja? Mzibeni jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akisukuma mkono wenu mnapoziba moja tu, huenda lile lililobaki wazi halioni vizuri. Mpelekeni akapimwe macho mapema, wala msingoje ashindwe kusoma ubaoni. Jicho vivu hutibiwa kwa miwani, au kwa kuziba jicho zima kwa muda, na matibabu hayo hufaa zaidi kabla mtoto hajapita miaka 7 au 8.

Kinyoya kikimpiga mtoto jichoni, asilifikiche, wala msimtilie dawa ya majani au maziwa ya mama. Akiona ukungu, akiumwa sana, au damu ikionekana ndani ya jicho, afike hospitali siku ile ile.