Majani Yaliyofukiwa ni Akiba ya Mkulima

Ewe mkulima wa Ufipa, wako watu wasemao kwamba nchi maskini hubaki maskini kwa ajili ya mila zake. Wengine husema kwamba kila mtu huvuna matunda ya hiari yake tu. Litazame shamba lako, nalo litakuonyesha upungufu wa maneno hayo yote mawili.

Uwanda wetu una majani mengi na miti michache. Wabemba wa Zambia, wakaao penye misitu, walikata matawi na kuyachoma, majivu yakarutubisha ardhi. Wazee wetu hawakuwa na misitu ya kutosha, kwa hiyo walitengeneza intumba. Mvua zikaribiapo kwisha, majani yangali mabichi na udongo ungali laini, mkulima huyapindua kwa jembe na kuyafukia katika tuta la mviringo, yaoze. Maharage hupandwa juu yake. Mvua za mwaka wa pili zianzapo, tuta husambazwa, ukapandwa ulezi.

Elimu hiyo ni mila, na mila ilileta mikono pia: mwenye shamba alipika pombe, akaita jirani, wakalima pamoja. Lakini mila haishiki jembe. Ni wewe uchaguaye kila mwaka, ama kuyafukia majani, ama kuyaacha yakauke na kuteketezwa. Moto hupunguza jasho la leo, bali hupoteza chakula cha udongo wa kesho.

Tena bei ina nguvu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa Sumbawanga hakutozwa gharama ya umbali. Wengi wakachagua mahindi na mbolea ya dukani, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa 4 mikuu ya mahindi. Utaratibu huo ulipoachwa, umbali ukamrudia mkulima kuwa mzigo. Hakuwa mvivu kuliko jana, wala mila yake haikuwa mbaya kuliko jana.

Basi, yafaa ufanye hivi. Usichome majani. Hata ukilima mahindi, tenga sehemu ya shamba kwa intumba na maharage. Patana na jirani zako kulimiana kwa zamu. Mbolea ya dukani ikipatikana kwa bei nafuu, itumie. Isipopatikana, udongo wako hautakuwa mtupu. Bei hupangwa mbali nawe, lakini majani yako mlangoni pako.